Tangi Zima la Petroli ya Miwa

Saa moja u nusu asubuhi Inspekta Mellen Nyasuguta alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya ofisi yake, uso mbele ya chupa ya soda, anacheka peke yake.

"Madam," Koplo Nyangweso alisema kutoka mlangoni, "watu wanapita hapa koridoni. Wanaona."

"Waone! Njoo uone na wewe."

Ndani ya chupa kulikuwa na maji ya ziwa chini na petroli juu. Pale vilipokutana, Mellen alikuwa amefunga uzi mwekundu kuizunguka chupa. Alikuwa ameitikisa mara tatu, akaiweka chini mara tatu, akasubiri dakika tano kila mara. Mara zote mstari ulirudi palepale kwenye uzi.

"Sasa hiyo ni nini?"

"Hiyo ni Noordin kurudi nyumbani kwake, Koplo. Tukikimbia."

Koplo Nyangweso alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na kukimbia hakukuwa kwenye mipango yake. Lakini alijua kwa nini Madam alikuwa na haraka. Noordin Abdikarim, mwenye kituo cha petroli hapo Homa Bay mjini, alikuwa na siku kumi na moja seli. Wavuvi wa Kisegi walinunua petroli kwake, mashine ya boti ikazima katikati ya upepo, na kijana mmoja aitwaye Abuto akazama. Tangi la mashine lilipofunguliwa, chini kulikuwa na maji. Mji mzima ulisema Noordin anatia maji kwenye petroli. Leo saa nane u nusu angesomewa shtaka la kuua, na wavuvi walikuwa wameshaapa kwamba shtaka likisomwa tu, kituo chake kinawaka na nyumba iliyo nyuma yake inawaka pia. Ndani ya nyumba hiyo walikuwa wanawe wanne.

Mellen aliinuka, akapangusa magoti. "Niitie Ogwang'."

Ogwang' alikuwa nahodha wa boti ile, na Abuto alikuwa mdogo wake. Aliingia amekumbatia mtungi wa plastiki wa lita ishirini, uleule wa siku ile ambao jana Mellen alichota petroli yake, akakataa kiti.

"Huu mtungi ulijaza wapi?"

"Kwa huyo muuaji."

"Kabla ya kujaza, uliufanya nini?"

Ogwang' alimtazama kana kwamba ameulizwa kama alivaa nguo. "Nilisuuza."

"Na nini?"

"Na maji ya ziwa. Si kila mtu anasuuza? Mafuta ya jana ikikaa ndani inafanya uchafu. Unatia maji, unatingisha, unamwaga."

"Yanatoka yote?"

"Maji haiwezi kutoka yote kwa mtungi, Madam. Lazima kidogo inabaki."

"Mbona hukusema hivyo ulipoandika maelezo?"

"Hakuna mtu aliniuliza."

Koplo alikohoa. Yeye ndiye aliyeandika maelezo.

"Na miaka yote hiyo mmekuwa mkisuuza," Mellen aliendelea, "mashine ilishawahi kuzima kwa sababu ya hayo maji?"

"Aa. Bomba haifiki chini kabisa. Maji inakaa huko chini, petroli inaenda."

"Siku ile ilizimaje?"

Ogwang' alishusha mtungi chini. "Ilianza moshi. Moshi mingi. Halafu ikakohoa. Nikafungua plagi, nyeusi tititi. Nikapangusa, nikarudisha, ikakataa. Nikapangusa tena." Aliukaza mfuniko wa mtungi. "Abuto alikuwa anavuta kamba ya kuwasha mashine. Alisimama avute vizuri, wimbi ikaja."

Mellen alimhurumia sana, na alijua kwamba huruma yake haingemsaidia kitu leo.

"Ogwang', maji yalikuwa yenu, ya kila siku. Kilichobadilika ni petroli. Sheria inasema kila lita kumi ya petroli inayouzwa huku lazima lita moja iwe spiriti ya miwa. Si ndiyo?"

"Hiyo takataka ya serikali tunaijua."

"Basi tazama. Spiriti inapenda maji. Ukiitikisa na maji inaiacha petroli, inashuka, na mstari unapanda kidole kizima. Kaka yangu Orina ni fundi wa magari Kisii, hununui petroli mbele yake bila kupimiwa hivi. Nimepima petroli ya mtungi wako mara tatu. Mstari haujasonga."

Koplo ndiye aliyeelewa kwanza. "Kwa hivyo haina spiriti."

"Haina hata tone. Petroli ya miwa isiyo na miwa! Sasa nani aliinyima miwa yake? Noordin, au aliyemuuzia Noordin?"

Nje, kwenye benchi la kaunta, Ruqia mke wa Noordin alikuwa amekaa na chupa ya chai aliyokuwa akiileta kila asubuhi. Alisimama alipomwona Mellen anatoka na funguo za gari na mtungi wa Ogwang'.

"Inspekta, baba Hibo hanywi chai tena. Anairudisha jinsi ilivyo. Leo nimwambie nini?"

"Mwambie anywe. Nimesema mimi."

*

Petroli ya Noordin ilitoka Migori, kwenye kiwanda cha Spiriti Kuja. Kiwanda hicho kilipika spiriti kutokana na molasi, masalio ya sukari ya miwa, kikaichanganya na petroli hapohapo, na kwa kila lita ya spiriti iliyoingia kwenye mchanganyiko serikali ilikilipa ruzuku. Habari hiyo iliwagawanya watu vibaya sana. Wenye miwa waliipigia makofi, wenye matatu waliilaani, na wanasiasa waliipigia makofi Migori asubuhi wakailaani Homa Bay jioni.

"Lakini wazo si baya," Mellen alisema, Landrova ya polisi ikiruka mashimo ya baada ya Rongo. "Miaka mitatu iliyopita, ile vita ya Waarabu, si ulipanga foleni ya petroli? Kama miwa ipo, kwa nini tusiitumie?"

"Madam, mimi naangalia mshale." Koplo aligonga kioo cha kipimo cha mafuta. "Umelala. Hii gari inatembea na imani."

"Simama hapo kwenye daraja."

"Nikizima haiwaki!"

"Basi usizime."

Chini ya daraja kilipita kijito kilichotoka upande wa kiwanda, na bomba pana la uchafu wa kiwanda lilionekana juu kidogo. Dohani ilitoa moshi wa kutosha. Na chini ya bomba hilo, hatua thelathini hivi, wanawake watatu walikuwa wanateka maji, wanaimba.

Mellen aliteremka mbio. Mkubwa wao alijitambulisha kuwa Min Jared, mama yake Jared, na akataka kujua kwanza kama polisi wamekuja kushika watu wa pombe.

"Sijaja kwa pombe, mama. Nataka kujua mnateka maji ya kunywa hapa, chini ya bomba la kiwanda?"

Walicheka wote watatu. "Zamani hungeweza!" Min Jared alisema. "Wakipika ile dawa yao, maji inakuwa nyeusi kama kahawa na inanuka mpaka kanisani. Ng'ombe ikikunywa inatembea upande upande. Tulikuwa tunaenda kuteka huko juu, kilomita mbili."

"Zamani lini?"

"Mpaka wakati wa kupanda. Pasaka ikapita, maji ikawa safi. Sasa ni mwezi wa nane."

"Lakini moshi upo."

"Moshi iko kila siku, nyathina, mtoto wangu. Kuni si iko? Harufu ndiyo hakuna." Aliinua ndoo, akaitua tena. "Na molasi haiji. Mzee wangu analima miwa. Walituambia tulime, spiriti itatuongezea pesa kidogo kwa kila tani. Tukang'oa mahindi. Muulize hiyo meneja wao, tutakula miwa mpaka lini?"

Mellen alipanda ngazi za daraja mbilimbili. Alikuwa anacheka peke yake, na hakujali Koplo akiona. Miezi minne! Miezi minne kiwanda hakijapika kitu, na kila mwezi serikali inalipa!

*

Landrova ilizima ikiingia getini. Vibarua wanne waliisukuma mpaka kivulini, na meneja wa kiwanda, Bwana Machuki, akatoka ofisini anacheka.

"Karibu, karibu dada yetu! Nasikia ni wa kwetu Kisii. *Bwakire*! Polisi wanasukumwa siku hizi?"

"Bwakire mono. Serikali haina mafuta, Bwana Machuki."

"Na mimi niko hapa? Hapana, hapana."

Alikuwa mtu wa kupendeza, mnene, mwenye jibu kwa kila swali. Alisikitika sana kuhusu kijana wa Kisegi. Alieleza kwamba wafanyabiashara wa mjini ndio wanaoharibia spiriti jina, wanatia maji, halafu lawama inaangukia mkulima. Akafungua kabati, akatoa chupa ndogo yenye lakiri ya risasi. Kwa sheria, kila mzigo uliotoka ulibakiza sampuli. Hii ilikuwa ya mzigo wa Noordin.

"Pima popote. Spiriti yake imetimia."

Mellen alisaini, akaichukua. Kwa dakika moja alikosa raha. Kama sampuli ni safi na mtungi si safi, basi katikati yuko Noordin peke yake. Machuki alilijua hilo, na ndiyo sababu alikuwa anatabasamu.

"Naomba kuona tangi la spiriti."

"Utaliona, ila halifunguliwi. Limefungwa na watu wa ushuru."

Tangi lilisimama juani, refu kama nyumba mbili. Mellen aliliegemea, akiuliza swali la kijinga kuhusu rangi yake, huku kiganja chake kikitembea kutoka kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nyumbani kwa mama yake lilikuwapo tangi la bati la maji ya mvua, na hakuna aliyepanda juu kuchungulia. Mchana wa jua waligusa tu. Palipo na maji ni baridi, palipo tupu panaunguza. Hili liliunguza mpaka chini kabisa.

"Mmepika lini mara ya mwisho?"

"Jana. Tumetoa yote jana jioni. Dada, una maswali wewe! Sasa mtarudi Homa Bay na nini? Mtasukuma mpaka Rongo?" Alipiga kidole. "Vijana! Jazeni gari la Inspekta. Tangi zima! Polisi wasiende hivihivi kama hapa hakuna watu."

Koplo Nyangweso alifungua mdomo kukataa, maana agizo la Madam lilikuwa hawachukui hata soda ya mtu. Mellen alimkanyaga mguu.

"Asante sana, Bwana Machuki. Umetuokoa kweli. Ila nisaidie kitu kimoja, nisije nikaonekana mwizi. Andika hapa kwenye karatasi ya safari ya gari. Petroli ya miwa, kutoka pampu hii, saa hii. Na jina lako."

Machuki aliandika kwa mwandiko mzuri, akatia muhuri bila kuombwa. Mellen aliposimama karibu na pampu, bomba lilidondosha matone mawili kwenye kona ya karatasi hiyo. Aliiacha ikauke.

Walipofika barabarani alimshika Koplo begani akamtikisa.

"Tangi la gari lilikuwa na nini tulipoingia?"

"Upepo."

"Na sasa lina nini?"

Koplo alifikiri kwa mita kama hamsini hivi. Halafu akaanza kupiga honi bila sababu, mara nne, mara tano, mpaka ng'ombe wakatoka njiani.

Walisimama kwenye kivuko cha Rongo, wakavuta chupa mbili kutoka kwenye tangi, wakatia maji, wakafunga uzi. Mstari haukusonga. Walivunja lakiri ya sampuli mbele ya chifu wa pale aliyekuwa akinunua ndizi, akasaini kwamba ameona. Ile ya sampuli ilipanda kidole kizima.

"Alikuwa na spiriti ya kujaza chupa za serikali tu," Mellen alisema. Alitoa karatasi ya safari. Petroli ikidondoka hukauka yote, haiachi kitu. Kwenye kona ya karatasi hii palibaki madoa mawili ya mafuta, mapana, na alipoyanusa alikunja pua. "Mafuta ya taa. Bei nusu. Mahali pa spiriti anatia mafuta ya taa, ruzuku anakula yote. Hayo ndiyo yaliyoziba plagi ya Ogwang'."

*

Walifika mahakamani saa nane na dakika tano. Wavuvi wapatao arobaini walikuwa uani, wamekaa kimya, na ukimya wao haukumpendeza Mellen. Baadhi walikuwa na mitungi.

Mkuu wake, Gichana, alikuwa anamsubiri kando ya gari lake, buti iko wazi.

"Simu imepigwa kutoka juu," alisema. Hakuwa na furaha, na hakumtazama usoni. "Juu sana. Umeenda kiwandani bila ruhusa. Leta hizo chupa. Na ule mtungi wa mvuvi."

"Bwana mkubwa, huyu mtu hana hatia. Naweza kuonyesha kwa dakika tano."

"Utaonyesha siku nyingine. Leo kesi inasomwa."

"Ikisomwa leo, nyumba yake inachomwa leo! Kuna watoto."

"Mellen. Hiyo ni amri."

Alipiga saluti. Alibeba chupa zote tatu na mtungi akavipanga butini kwa mikono yake mwenyewe. Gichana alifunga, akatia ufunguo mfukoni, akaingia ndani.

Saa ya mkononi ilionyesha saa nane na dakika kumi na mbili. Mellen aligeuka. Koplo Nyangweso alikuwa ameegemea Landrova, anachezea kipande cha mpira wa kuvutia mafuta.

"Madam," alisema polepole, "amechukua chupa. Amechukua mtungi. Kuna kitu hakutaja."

Mellen alilitazama tangi la gari. Halafu akakimbia.

"Ogwang'! Watu wako wanakunywa soda kwa kioski ya nani? Nataka chupa. Zote. Na maji ya ziwa, ndoo mbili. Mnataka kujua Abuto aliuawa na nini, au mnataka tu kuchoma nyumba?"

Ogwang' alimkazia macho. Halafu alisema jambo kwa Kijaluo, neno moja au mawili, na wanaume wakainuka.

Ruqia alikuwa amesimama kwenye kona, amejifunika shela. Mellen alimwekea noti mkononi. "Duka la dawa. Spiriti ya kusafishia vidonda. Mbio, mama Hibo!" Na mwanamke yule, ambaye kwa siku kumi na moja alikuwa akitembea akitazama chini, alikusanya buibui lake akakimbia katikati ya soko bila kumwomba mtu njia.

Koplo alivuta mpira kwa mdomo, akatema, akatukana, akajaza chupa moja baada ya nyingine. Mellen alipita katikati yao anaonyesha. Maji mpaka vidole vitatu. Weka alama. Petroli juu. Tingisha. Weka chini, usiguse. Wazee walibandika kipande cha karatasi ya sigara iwe alama, wengine walifunga uzi wa nyavu. Ruqia aliporudi anahema, Mellen alichukua chupa moja tu, akaongeza spiriti kifuniko kimoja, akatingisha, akaiinua juu.

"Hii ndiyo petroli ya miwa! Mnaona mstari ulivyopanda? Sasa angalieni zenu!"

Kila mtu aliangalia yake. Hakuna mstari uliosonga.

"Hizi zimetoka kwa Noordin?" mzee mmoja aliuliza.

"Zimetoka kwa pampu ya kiwanda, leo asubuhi." Aliinua karatasi ya safari. "Meneja ameandika mwenyewe. Mnaojua kusoma, wasomeeni wengine. Na mnuse hii kona."

Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Ilikuwa imefika kwa Ogwang' karani alipoita kesi.

Ndani, Noordin alisimama kizimbani, shati limemlegea mwilini. Gichana alisimama kwa upande wa mashtaka. Hakimu, mwanamke mwembamba wa kutoka Nyamira aitwaye Priscilla Mong'ina, aliuliza kama kuna vielelezo.

"Vielelezo havijakuwa tayari, mheshimiwa. Tunaomba shtaka lisomwe tu."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Waliingia kwa adabu, kofia mkononi, wakasimama ukutani kwa sababu mabenchi yalikuwa yamejaa. Kila mmoja alishika chupa ya soda kwa mikono miwili, asiitikise. Harufu ilijaa chumba kizima. Gichana aliziangalia chupa, akatoa ufunguo mfukoni, akautazama, akakaa chini.

Hakimu alivua miwani. "Inspekta Nyasuguta. Hivi ni nini?"

"Ni vielelezo, mheshimiwa. Vimekuwa tayari."

"Vyote?"

"Kimoja kinatosha. Vingine ni vya akiba, kikipotea."

Ogwang' hakungoja kuitwa. Alipita katikati, taratibu, mpaka kizimbani, akasimama mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameapa kumchomea nyumba. Noordin alirudi nyuma hatua moja. Ogwang' alimpa mkono. Noordin aliupokea kwa mikono miwili.

Kisha Ogwang' aliiweka chupa yake juu ya meza ya hakimu, uzi wa wavu ukiwa umefungwa pale maji yalipokutana na petroli.

"Anza na hii," alisema. "Hii ni ya Abuto."